Nani Anamfungulia Kijana Mlango?
Mhadhara wa msomaji kuhusu riwaya za vijana na riwaya za kutia moyo



Nimeombwa nizungumzie riwaya za vijana na riwaya za kutia moyo nilizozisoma siku za karibuni. Nyingine nimezisoma kwa mara ya kwanza, nyingine nimezirudia baada ya miaka mingi. Nitasema kama msomaji, mtu anayefungua kitabu akitaka kujua mhusika yatampata nini, na anayekifunga akijiuliza kama kijana wa miaka 15 akikisoma atapata humo kitu cha kumsaidia kuishi.

Shuleni kwetu riwaya hupimwa kwa ujumbe wake. Mwanafunzi huulizwa dhamira, migogoro na falsafa ya mwandishi. Hujibu, hupata alama, mtihani ukapita na kitabu kikasahauliwa. Nje ya shule, riwaya za kutia moyo hupimwa kwa mwisho wake: mhusika akishinda, tunasema kitabu kizuri. Vipimo vyote viwili naviona vina upungufu, na ndiyo maana nimekuja na kipimo cha tatu. Kila ninaposoma habari za kijana aliye mashakani, natafuta nani anamfungulia mlango. Mlango ninaousema ni huu wa mbao tunaoujua, unaobishwa usiku na mtu asiye na pa kulala. Naamini riwaya inayotia moyo kwa haki ni ile inayotuonyesha aliyefungua na gharama aliyoilipa. Na pale ambapo hakufungua mtu, inatufanya tuone aibu kwa niaba ya wote waliojifungia ndani.

Nianze na wasichana watatu wa fasihi yetu: Rosa, Maimuna na Yasmin.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na kwa muda fulani ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kisa kinaanzia Ukerewe, kisiwa alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi na mkali, mzazi anayedhani kulinda heshima ya binti ni kumtia hofu. Barua ya kijana aitwaye Charles inamfikia baba, na Rosa anapigwa kipigo cha kumtia alama ya maisha. Tangu hapo anaogopa wanaume bila kuwajua. Hakuna aliyekaa naye akamweleza mwili ni nini, mapenzi ni nini, na mtu hujilinda vipi. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni anajikuta na uhuru ambao hakufundishwa kuutumia, na wakubwa wenye vyeo wanakuwa wa kwanza kumwinda. Mwisho wake ni kifo cha kujitakia, baada ya Charles yuleyule, aliyekuwa amemchumbia, kumkataa.

Nimesikia wazazi wakisema riwaya hii haifai kwa vijana kwa sababu inaonyesha mambo ya aibu. Mimi naona inafaa mno, kwa sharti kwamba asomaye awe na mtu mzima wa kuzungumza naye. Kezilahabi hakuandika ili kumchafua Rosa. Aliandika ili Zakaria ajione. Pitieni riwaya nzima mkitafuta nyumba moja ambayo Rosa angeweza kubisha hodi na kusema, "Nimeharibikiwa, nisaidieni." Nyumbani kuna fimbo. Chuoni, mkuu wa chuo mwenyewe ni miongoni mwa wanaomtumia. Mchumba anachotaka ni usichana wake tu. Milango yote imefungwa. Kitabu hiki hakina matumaini, lakini ni kitabu cha kweli, na ukweli wake unamwonya mzazi kabla ya kumwonya mtoto.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1980, Said Ahmed Mohamed alitoa *Utengano*. Mwanzo wake unakaribiana na ule wa *Rosa Mistika*: Bwana Maksuudi, tajiri mwenye sura ya uchamungu na matendo ya dhuluma, anamfungia binti yake Maimuna ndani ya kuta, asimwone mtu wala asionwe. Maimuna anatoroka, na kwa kuwa hajui dunia, dunia inamfundisha kwa ukatili. Anaishi maisha ya danguro, anaimba baa, anazama katika ulevi. Msomaji aliyetoka kusoma *Rosa Mistika* anangoja jeneza. Mohamed anakataa. Maimuna anarudi, mgonjwa na mchovu, na anapatikana mwanamume, Kabi, anayemwoa akijua alikopitia.

Ninapenda uamuzi huo wa mwandishi. Wapo watakaosema ndoa si dawa ya kila jeraha la mwanamke, na nakubaliana nao. Lakini mtazame kijana anayekisoma kitabu hiki akiwa na siri yake moyoni, labda kosa, labda dhuluma aliyotendewa. *Rosa Mistika* inamwambia yatakayompata iwapo jamii itamtupa. *Utengano* inamwambia kwamba kurudi kunawezekana. Natamani kila kijana asome vyote viwili, na avisome kwa kufuatana.

Wa tatu ni Yasmin, wa *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, na vijana wengi wameijua hadithi kwa njia hiyo. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja katika miaka ya 1950, ana miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anaikimbia ndoa ile, na jamaa zake wanamkataa. Usiku wa kuhitaji mlango umewadia. Anayefungua ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa mtaa wa Ng'ambo, mwenye chumba kimoja na asiye na akiba yoyote.

Hapo tusimame kidogo, maana ndipo penye moyo wa riwaya. Mwajuma anamkaribisha msichana wa kabila lingine, wa tabaka lingine, katika mji ambao ukoloni umewapanga watu kwa rangi na mitaa yao. Hamhubirii. Hamwulizi atalipa nini. Anagawana naye chakula na kitanda, anakwenda naye kwenye taarabu, anamruhusu acheke. Wahakiki wamesema mengi juu ya mhusika Denge na siasa zake za kupigania uhuru, na ni haki yao. Mimi kama msomaji naona mapinduzi ya kwanza katika kitabu hiki yanatokea chumbani kwa Mwajuma. Mwalimu anayeifundisha *Vuta N'kuvute* bila kumpa Mwajuma nafasi yake anawanyima wanafunzi somo kubwa kuliko yote yaliyomo.

Nihamie riwaya nyingine, inayosomwa na wanafunzi wa sekondari Tanzania kwa Kiingereza ingawa kisa chake ni cha Zimbabwe: *Takadini* ya Ben Hanson, ya mwaka 1997. Sekai amekaa miaka mingi na mumewe Makwati bila mtoto. Anapojaliwa, mtoto anazaliwa na ualbino, na mila ya kijiji inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Sekai anambeba Takadini na kukimbia. Anafika kijiji cha watu asiowajua, na mzee Chivero, mganga wa hapo, anampokea.

Ninachokithamini ni kwamba Hanson hakutudanganya kwamba kupokelewa ni mwisho wa taabu. Kijiji kile kinamvumilia mtoto kabla ya kumpenda. Wapo kina mama wasiotaka watoto wao wacheze naye. Takadini anajifunza kupiga mbira, na kwa muziki anapata kazi ya mikono yake na heshima kidogo mbele ya watu. Baadaye Shingai anampenda, na penzi hilo linamletea uhasama upya. Kila hatua inapiganiwa. Kwa Mtanzania kitabu hiki kina uzito wa pekee. Miaka ya 2000 ilipokaribia mwisho, mauaji ya watu wenye ualbino yalitutia fedheha mbele ya dunia, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya imani za kishirikina zinazochochea biashara ya viungo vya binadamu. Darasani huenda ameketi Takadini wetu, amevaa kofia pana, anasogeza daftari karibu na macho. Riwaya hii ikifundishwa kama orodha ya dhamira tu, mwanafunzi huyo ataisikia kama habari za watu wa mbali. Ikifundishwa kama inavyostahili, jirani yake wa dawati atajua la kufanya.

Kuna riwaya mbili za watoto wa mjini ambazo nimezisoma pamoja. Ya kwanza ni *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Baba yao ni mlevi, mama yao anauza chakula kuwalisha wengine huku wanawe wakiishia jalalani kutafuta riziki. Nguvu ya Mbogo ni kutoona haya. Anatupeleka jalalani penyewe, na hatuondoki bila kunusa. Mlango uliofungwa katika kitabu hiki ni wa shule, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana shule ndiyo mahali ambapo taifa liliahidi kumpokea kila mtoto.

Ya pili ni *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei wa Kenya, iliyokuwa kitabu cha lazima kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini humo. Inaanza na majivu: nyumba ya Ridhaa imechomwa pamoja na watu wake katika vurugu za baada ya uchaguzi. Ndani yake mna Umu, msichana ambaye ndugu zake wawili wadogo, Dick na Mwaliko, waliibwa na mtumishi wa nyumbani. Umu anachukuliwa kama mwana na Mwangeka na Apondi, watu ambao nao wana majeraha yao. Baadaye ndugu hawa wanakutana tena.

Maoni yangu juu ya *Chozi la Heri* yana pande mbili. Sadfa zimezidi. Umu anakutana na Dick katika uwanja wa ndege, na watoto waliopotezana wanalelewa na watu wa ukoo mmoja bila wao kujua. Msomaji mwenye jicho kali atahisi mkono wa mwandishi ukisukuma mambo. Kijana aliyepoteza ndugu katika vurugu za kweli anajua kwamba viwanja vya ndege havirudishi watu kwa urahisi hivyo. Upande wa pili, Matei ameandika jambo ambalo riwaya chache za Kiswahili zimeliandika kwa heshima: kulea mtoto usiyemzaa. Mwangeka na Apondi hawamchukui Umu kwa kumwonea huruma ya siku moja. Wanampa jina la nyumba, wanampa ada, wanampa haki ya kununa na kusamehewa. Katika nchi iliyochinjana kwa sababu ya makabila, familia iliyojengwa kwa hiari ni jibu zito. Kwa ajili ya hilo nasamehe sadfa zote.

Sasa nizungumzie kitabu ambacho baadhi yenu mtashangaa kukisikia katika orodha ya vijana: *Peponi*, yaani *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Mhusika mkuu, Yusuf, ana miaka 12 hadithi inapoanza. Baba yake anamtoa kwa mfanyabiashara Aziz kufidia deni, na mtoto anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake.

Anayempokea Yusuf ni Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, naye amewekwa pale kwa deni la baba yake. Khalil anamkemea, anamtania, anamfundisha kazi, anamfundisha kwamba yule tajiri si ami yake. Ni mfungwa anayemwonyesha mfungwa mwenzake namna ya kuishi gerezani. Mwisho wa kitabu, Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, na msomaji anabaki na uchungu. Je, hiki ni kitabu cha kumpa kijana? Nasema ndiyo, kijana wa kidato cha tano na kuendelea. Kinamfundisha kwamba mtu mwema anaweza kukupenda kwa dhati na bado asiweze kukutoa ulipofungwa. Vijana wengi wanalijua hilo nyumbani kwao, kwa mama anayewapenda na hana uwezo. Wanastahili kuliona limeandikwa kwa Kiswahili safi.

Nigusie pia riwaya za kutia moyo kutoka nje, maana vijana wetu wanazisoma kwa wingi na kupashana. Inayotajwa kuliko zote ni ya Mbrazili Paulo Coelho, ya mwaka 1988, ijulikanayo kwa jina lake la Kiingereza *The Alchemist*. Santiago, mchungaji wa kondoo wa Andalusia, anaota hazina kwenye piramidi za Misri na kuifuata ndoto yake. Vijana wanatoa katika kitabu hiki fundisho moja: tamani kwa moyo wote, na ulimwengu utakusaidia. Kisha wanatamani, ulimwengu unakaa kimya, na wanajilaumu kwamba hawakutamani vya kutosha.

Nawaomba wakirudie na kusoma sehemu ya Tangier polepole. Santiago anaibiwa fedha zake zote siku ya kwanza. Ana njaa. Anaingia duka la vyombo vya kioo na kuomba asafishe vyombo ili apate chakula. Mwenye duka, Mwislamu mwenye biashara iliyolala, anamwacha asafishe, kisha anampeleka kula na kumweleza kwamba hata asingesafisha angemlisha, kwa kuwa Kurani inamwamuru kumlisha mwenye njaa. Kijana anafanya kazi katika duka lile karibu mwaka mzima kabla ya kuendelea na safari. Ndoto ya Santiago ingekufa pale sokoni kama si mtu aliyeshika dini yake na akampa kazi. Coelho mwenyewe ameliandika. Wasomaji ndio wanaoliruka. Mkilitilia maanani, kitabu kinaacha kuwa hirizi na kinakuwa hadithi ya kijana aliyefanya kazi na watu waliomsaidia.

Kingine ni *Redeeming Love* ya Francine Rivers, Mmarekani, ya mwaka 1991, inayopendwa sana na wasomaji Wakristo. Kinafuata kisa cha nabii Hosea katika Biblia, kikihamishiwa California ya wachimba dhahabu. Angel, aliyeuzwa danguroni tangu utotoni, anaolewa na mkulima mcha Mungu, naye anamtoroka, anarudi, anatoroka tena. Kwa mtu aliyesoma *Utengano*, Angel ni dada yake Maimuna. Nguvu ya Rivers ni kwamba hakumfanya Angel apone kwa usiku mmoja. Anajua aliyeumizwa na watu huogopa hata wema. Udhaifu wake ni mume yule, aliyepewa subira isiyo na kikomo na karibu asiwe na dosari. Wasichana wanaokisoma wanaweza kumngoja mwanamume ambaye hajazaliwa. Wakisome, na wazungumze juu yake wakiwa wakubwa vya kutosha, maana yamo mambo mazito yasiyomfaa mtoto.

Nimalizie mifano kwa *Siku Njema* ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anafiwa na mama yake na kufunga safari ndefu kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kizazi kizima cha Wakenya kilikipenda Kiswahili kupitia kurasa hizi. Sababu ni wazi: Walibora alimpa kijana maskini utajiri wa maneno. Kongowea hana baba wala fedha, lakini ana lugha, na lugha inamfungulia anapobisha. Mwaka 2020 tuliwapoteza Kezilahabi, mwezi Januari, na Walibora, mwezi Aprili. Mmoja alituachia Rosa, mwingine alituachia Kongowea. Kati ya vitabu hivyo viwili ndimo yanamopita maisha ya vijana wetu wote.

Ndugu zangu, hukumu yangu baada ya kuvisoma vyote ni hii. Riwaya inayomwambia kijana kwamba atashinda peke yake akijitahidi inampa mzigo, hata ikimpa furaha kwa juma moja. Riwaya inayomwonyesha Mwajuma, Chivero, Apondi na yule mwuza vioo inampa kitu cha kudumu, kwa sababu inamfundisha kutafuta msaada akiwa taabani, na kuwa msaada akiwa na nafasi.

Kwa waandishi, nawaomba mpunguze hotuba na sadfa. Tuandikieni watu wazima wema walio na upungufu, kwa kuwa hao ndio tulio nao. Kwa walimu, ombi langu ni moja: kabla ya kuuliza dhamira, ulizeni darasa nani alimsaidia mhusika huyu, na nani alipaswa kumsaidia na hakumsaidia. Mtasikia majibu ambayo hayamo katika miongozo ya mitihani. Kwa wazazi, someni kitabu anachosoma mtoto wenu, hata kurasa chache, mkiwa naye sebuleni. Zakaria alisoma barua ya binti yake akampiga. Ninyi someni riwaya ya binti yenu mkaongee naye.

Nanyi vijana mliokaa mbele hapa, azimeni kitabu kimoja kati ya nilivyovitaja kabla mwezi haujaisha. Mkikimaliza, mpeni mwenzenu, kisha muulizeni ameonaje. Na kama katika kukisoma mmejiona ninyi wenyewe mko mashakani, msibaki na kitabu peke yake: tafuteni mtu mzima mmoja mnayemwamini, mwalimu, shangazi, imamu, padri au jirani, mkamwambie. Na sisi watu wazima tuliomo humu ndani, atakapokuja kubisha, tumfungulie.